Mtoto akifika miaka saba, mtazame na kinywani



Mzazi wa Kiislamu anajua kuwa mtoto akifikisha miaka saba anatakiwa kuamrishwa swala. Hayo ni mafundisho ya Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) yaliyomo katika hadithi aliyoipokea Abu Daud. Ndio umri ambao baba huanza kumshika mkono mwanawe kwenda naye msikitini, na mama humsimamisha binti yake karibu na ndoo amwelekeze kutawadha: sema bismillahi, osha viganja, sukutua, pandisha maji puani. Wiki hii safu yetu inakuomba uongeze jambo dogo katika somo hilo. Mtoto akishasukutua na kutema maji, mwambie aache kinywa wazi kidogo, mgeuze kwenye mwanga, umtazame meno.

Umri huo huo wa miaka saba ndio ambao chama cha madaktari wa kupanga meno wa Marekani kinashauri mtoto awe ameshatazamwa mpangilio wa meno na taya zake kwa mara ya kwanza. Sitasema kuwa huo ni muujiza wa kisayansi, maana siku hizi kila kitu watu wanataka kukiita muujiza. Ni mambo mawili yaliyokutana katika umri mmoja, nayo yanatufaa kwa sababu umri huo hatuusahau.

Majumbani mwetu utasikia: "Hayo ni meno ya utoto tu, yatang'oka, na yale makubwa yatajipanga yenyewe." Maneno hayo ni kweli nusu. Ile nusu nyingine ndiyo inayowaponza watoto.

Binti aliyeshindwa kuitamka sini

Ustadh mmoja ninayemfahamu, anayesomesha watoto wadogo, alikuwa na mwanafunzi wa kike wa miaka saba. Mtoto hodari wa kuhifadhi, lakini kila sini yake ilitoka kama thaa. Tabu yake kubwa ilikuwa Suratun-Naas, ambayo aya zake zote huishia na herufi hiyo. Wenzake wakawa wanamcheka. Ustadh akamrekebisha mara ya kwanza, mara ya kumi, mwishowe akaona mtoto anafanya mzaha, akamchapa.

Siku moja alimkuta amejiinamia kwenye mkeka, kidole gumba kimo kinywani mpaka kwenye fundo. Akamwita, akamwambia aume meno. Magego ya nyuma yalikutana vizuri, lakini meno ya mbele ya juu na ya chini yalibaki wazi, ncha ya ulimi inachungulia katikati. Ustadh aliponisimulia alisema neno moja ambalo sijalisahau: "Nilimchapa mtoto kwa kosa la meno yake."

Aliyesoma tajwidi anajua kuwa herufi zina mahali pa kutokea, na kadhaa kati ya hizo hutegemea meno ya mbele. Thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi inapogusa ncha za meno mawili ya juu. Faa hutoka ncha za meno ya juu zinapogusa mdomo wa chini kwa ndani. Sini, zai na swadi zinataka ulimi ubaki ndani, nyuma ya meno, na pumzi ipite kwenye upenyo mwembamba. Kama meno ya mbele hayakutani, ulimi hauna ukuta wa kuuzuia, unatoka nje, na sini inakuwa thaa.

Tahadhari lakini. Si kila mtoto anayekosea herufi ana tatizo la meno. Wa miaka sita au saba aliyeng'oka meno mawili ya mbele atapitisha pumzi kwenye pengo kwa miezi kadhaa, na hilo litaondoka meno yakiota. Mwingine hasikii vizuri, naye anahitaji kupimwa masikio. Nawaomba walimu wa madrasa wafanye kama ustadh huyu alivyofanya mwishoni, si kama alivyofanya mwanzoni: kabla ya bakora, tazama kinywa.

Jino la sita

Mtoto huanza kuota meno akiwa na miezi sita hivi, na akifika miaka miwili na nusu au mitatu huwa na meno 20, kumi juu na kumi chini. Kazi yake tunayoijua ni kutafuna na kutamka. Ipo kazi ya tatu ambayo wengi hawaijui, nayo ni kushika nafasi. Kila jino la utoto limekalia mahali pa jino la ukubwani lililoko chini yake ndani ya taya, na linapokaa hapo mpaka wakati wake, mwenzake anapata njia ya kupita.

Kuanzia miaka sita hivi linatokea jambo ambalo wazazi hawalioni. Nyuma kabisa ya magego ya utoto, kila upande, juu na chini, huota gego jipya bila jino lolote kung'oka. Kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, mzazi hudhani nalo ni la utoto. Likitoboka anasema liacheni litang'oka. Ndugu yangu, hilo halina mbadala. Mtoto atalitumia mpaka uzeeni au atalikosa mpaka uzeeni. Namna ya kulitambua ni rahisi. Anza kuhesabu kutoka katikati ya meno ya mbele kwenda nyuma: la kwanza na la pili ni meno ya mbele, la tatu ni chonge, la nne na la tano ni magego ya utoto, na la sita ni hilo. Jino la sita, linaota mwaka wa sita. Ukishalijua hutalisahau tena.

Sasa fikiri mtoto wa miaka mitano ambaye gego lake la utoto limeoza, linamliza usiku. Mzazi anampeleka, linang'olewa, mtoto analala, watu wanasahau. Gego hilo la tano lilitakiwa kukaa mpaka mtoto afike miaka 10 au 12. Gego la sita linapoota na kukuta mbele yake kuna uwazi, husogea mbele taratibu na kuukalia. Miaka mitano baadaye jino la ukubwani linakuja na kukuta mlango umefungwa, basi linatokea upande wa ulimi, au upande wa shavu, au linabaki limekwama ndani ya mfupa.

Wanaoumia zaidi ni chonge za juu, kwa sababu huota karibu mwisho, kwenye miaka 11 au 12. Umeona vijana wengi wenye chonge iliyopanda juu ya fizi kama pembe. Jino lile halina ukorofi wowote. Ni kama mtu aliyefika msikitini Ijumaa akakuta safu zimejaa, akatandika msala wake nje juani.

Kwa hiyo kupanga meno kunaanza na kuziba meno ya utoto, kabla ya waya yoyote. Jino la utoto lililotoboka likiwahiwa huzibwa, likabaki mahali pake. Likishindikana likang'olewa mapema, muulize daktari kama inafaa kuwekwa kishika nafasi. Ni pete ndogo ya chuma inayovishwa gego la nyuma, ikiwa na kijiwaya kinachozuia jino hilo lisisogee mpaka mwenzake aote. Si kila pengo linalihitaji, lakini mzazi anayeuliza ana nafasi nzuri kuliko anayekaa kimya.

Kuhusu kuzuia kuoza, sunna tunayo mkononi. Mtume (s.a.w.) aliupenda mswaki kiasi cha kutueleza kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake uzito angeuamrisha katika kila swala, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Mswaki wa mti ni mzuri, lakini mtoto wa miaka minne hawezi kuufikisha kwenye magego ya nyuma, na hata wa brashi hawezi kuutumia sawasawa mpaka afike miaka saba au nane. Mpige mswaki wewe mwenyewe, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu na kiasi cha njegere kwa aliyezidi hapo. Na chupa ya uji au chai ya sukari isilale naye kitandani.

Balaa la "meno ya plastiki"

Hapa naomba nisimame kidogo, maana jambo hili limewaua watoto wetu.

Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini Tanzania imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa, anayeharisha au kutapika, ana "meno ya plastiki", wengine wanayaita "meno ya nailoni". Mtu anamfungua mtoto kinywa, anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi mahali pa chonge, anasema hayo ndiyo yanayomuua na lazima yatolewe. Fizi inapasuliwa kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, au kwa kucha, na kinachochokolewa huonyeshwa wazazi: kitu cheupe, laini. Wazazi wanaamini, kwa sababu wamekiona kwa macho yao. Mila hii haiko Tanzania peke yake. Kwa majirani zetu Uganda na Kenya ipo pia, kwa majina mengine.

Kile cheupe laini ni jino la mtoto. Ni chonge ya utoto ambayo haijakomaa, na kabla ya kukomaa kila jino la mwanadamu huwa hivyo. Hakuna jino la plastiki wala la nailoni. Mtoto anaharisha kwa sababu ya vijidudu vilivyoingia kwa maji, chakula au mikono michafu, au ana malaria, au ana nimonia. Anapopelekwa kupasuliwa fizi badala ya kupewa maji ya chumvichumvi na sukari na kukimbizwa hospitali, muda wa kumwokoa unapita. Jeraha lenyewe linaweza kumletea kuvuja damu, pepopunda, usaha ulioingia kwenye damu, na virusi vya Ukimwi kwa kifaa kilichotumika kwa mwingine.

Anayenusurika hubaki na alama. Chini ya ile chonge ya utoto lipo chimbuko la chonge ya ukubwani, na spoku haichagui. Mtoto akifika miaka 12 chonge haioti, au inaota imepinda na ina dosari, na meno ya jirani yameshajiegemeza kwenye uwazi. Daktari anayewatazama watoto wa miaka saba huligundua hili mara moja: chonge za utoto hazipo, upande mmoja au pande zote, na mama akiulizwa anainamisha macho. Kama mwanao alifanyiwa hivyo, usione haya kumwambia daktari. Linabadilisha namna atakavyopangiwa matibabu, na pengine atampiga picha ya eksirei kuona kama chonge za ukubwani zipo.

Kidole, pua na taya

Turudi kwa yule binti. Kunyonya kidole kwa mtoto mchanga si ugonjwa, na wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne. Kinachoharibu ni kuendelea mpaka meno ya ukubwani yanaanza kuota, kidole kikiwa kinywani kwa saa nyingi, hasa usiku. Kidole husukuma meno ya juu mbele, huyazuia ya mbele kukutana, na mashavu yanayovuta kwa nguvu huibana taya ya juu ikawa nyembamba. Chuchu ya plastiki hufanya vivyo hivyo.

Pilipili na shubiri kwenye kidole naona ni ukatili usiosaidia sana, kwani mtoto hukinyonya kidole kwa sababu kinamtuliza, na ukimuumiza anazidi kukihitaji. Binti yule hakufungwa waya yoyote. Daktari alimwambia mama amvalishe soksi mkononi wakati wa kulala, amsifu kila asubuhi soksi ikikutwa bado ipo, na wamrudie baada ya miezi mitatu. Mtoto akiacha mapema, meno ya mbele mara nyingi husogea yenyewe. Ya binti yalianza kukaribiana, ingawa hayajakutana bado, na ustadh amemrudisha kwenye Suratun-Naas taratibu, bila bakora.

Unyonyeshaji nao una sehemu yake. Qur'an imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, katika Suratul-Baqara aya ya 233. Utafiti umeonyesha kuwa watoto walionyonya maziwa ya mama kwa muda mrefu hupatikana na kasoro za kuumana kwa meno kwa uchache kuliko waliokosa. Kuvuta titi ni kazi ya ulimi na taya, tofauti na kuvuta chupa.

Pua pia. Mtoto anayelala mdomo wazi kila siku, anakoroma, na mchana anapumua kwa mdomo hata kama hana mafua, huenda ana nyama za puani au mafindofindo makubwa. Kupumua kwa mdomo kwa muda mrefu kunahusishwa na taya ya juu kuwa nyembamba. Hapa tena udhu unatusaidia: anapopandisha maji puani na kuyapenga, angalia kama pua zote mbili ziko wazi. Asiyeweza kupumua kwa pua, mtaalamu wa masikio, pua na koo amwone mapema, wa meno afuate.

Sasa namna ya kumtazama nyumbani. Mkalishe karibu na dirisha mchana, mwambie aume kwa magego ya nyuma, mfunue midomo kwa vidole vilivyooshwa. Meno ya juu yanatakiwa yawe nje ya yale ya chini pande zote, kama kifuniko kinavyolikumbatia kopo. Kama upande mmoja, au mbele, ya juu yameingia ndani ya yale ya chini, huyo anahitaji kuonwa bila kungoja. Mtazame pia akifunga kinywa polepole. Kidevu kikikwepa kwenda kushoto au kulia dakika ya mwisho, ina maana taya inatafuta mahali pa kukaa, na mfupa unaokua huku umeegemea upande mmoja unaweza kukomaa hivyo hivyo. Kasoro hii katika miaka saba au nane mara nyingi hurekebishwa kwa kifaa chepesi cha kupanua taya ya juu kwa miezi michache. Akifika utu uzima, mfupa wa kaakaa umeshaunganika, na kazi ile ile inaweza kuhitaji upasuaji.

Meno ya juu yaliyotokeza mbele sana, kiasi kwamba midomo haifungi, hatari yake ni kuanguka. Mtoto akianguka kwenye mpira au kwenye baiskeli, hayo ndiyo yanayotangulia chini. Na nikiwa hapo hapo: jino la ukubwani la mbele liking'oka lote kwa kuanguka, lishike sehemu ya juu, si mzizi, lisuuze kidogo kwa maziwa au maji safi, lirudishe mahali pake au litie kwenye maziwa, ukimbie kwa daktari ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

Usiyoyahitaji kuyahofia

Kuna mambo mawili yanayowatia wazazi wasiwasi bure. La kwanza ni safu mbili: meno ya chini ya ukubwani yanaota nyuma ya yale ya utoto kabla hayajang'oka. Kama la utoto linatikisika, liache, mtoto alisukume kwa ulimi. Likitoka, la nyuma husogea mbele. Kama limekaza kabisa, ndipo litolewe kliniki.

La pili ni mwanya. Mtoto wa miaka minane mwenye uwazi kati ya meno mawili ya juu ni wa kawaida, na mara nyingi uwazi huo hujifunga chonge zikishuka kwenye miaka 11 au 12. Usiyafunge meno yake kwa uzi wala mpira. Nimesikia watu wakitumia mpira wa pesa: huo hupanda chini ya fizi na unaweza kuling'oa jino zima. Na kama mwanya utabaki ukubwani, basi huku pwani tunajua kuwa watu wameusifu tangu zamani. Mwenye nao aushukuru.

Hapo linakuja swali ambalo waumini wengi huuliza: je, kupanga meno si kubadilisha maumbile ya Allah (s.w.t.)? Swali ni la haki, kwa sababu katika hadithi ya Ibn Mas'ud iliyomo kwenye Bukhari na Muslim wamelaaniwa wanawake wanaochonga meno yao kutia mianya kwa ajili ya urembo. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa lililokatazwa ni lile linalofanywa kutafuta uzuri, ama anayelihitaji kwa matibabu au kwa kasoro ya jino hana ubaya. Wanazuoni huleta pia hadithi ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akaweka pua ya fedha ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Putrajaya, Malaysia, katika kikao chake cha 18, likaruhusu kurekebisha kasoro za kuzaliwa na zilizopatikana baadaye zinazomdhuru mtu, na meno ya ziada yametajwa humo. Mtoto asiyeweza kutafuna upande mmoja hajafuata urembo. Msichana mkubwa mwenye meno yaliyonyooka anayetaka kuyachonga yafanane na ya msanii, huyo aende kwa sheikh wake kwanza.

Na udhu wa mwenye waya kinywani? Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho. Waya zilizogandishwa hazimzuii.

Siku ya kwenda

Nisikutishe kwa gharama, kwa sababu watoto wengi wa miaka saba wanaotazamwa huambiwa warudi baada ya miezi sita au mwaka, basi. Daktari huhesabu meno, hutazama taya zinavyokutana, hupima nafasi, na pengine huomba eksirei. Matibabu ya waya kwa walio wengi hungoja mpaka miaka 11 hadi 13, meno ya ukubwani yakishaota. Majaribio makubwa yaliyofanywa North Carolina na Florida nchini Marekani, na mengine Uingereza, yalionyesha kuwa watoto wenye meno yaliyotokeza mbele waliotibiwa mapema mara mbili, mwishowe walilingana na waliotibiwa mara moja ujanani, ila waliotangulia walivunjika meno ya mbele kwa uchache. Kwa hiyo ukikutana na mtu anayetaka kumfunga waya kila mtoto wa miaka saba, muulize kuna kasoro gani isiyoweza kungoja. Zisizongoja ni chache: meno ya juu kuingia ndani ya ya chini, kidole kisichoachwa, nafasi inayofungwa, na meno yaliyo katika hatari ya kuvunjika.

Huhitaji kuanza kwa bingwa. Wataalamu hasa wa kupanga meno ni wachache, na kwa Tanzania wengi wako Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina skuli ya meno. Anza na kitengo cha meno cha hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kwa walioko Unguja ipo Mnazi Mmoja. Aliyeko hapo anaweza kutambua kasoro hizi na kukuandikia barua ya kwenda mbele. Jihadhari na wanaofunga waya saluni au kuuza waya za urembo mitaani: jino husogea kwa kufuata mfupa, na asiyeujua mfupa atalilegeza.

Na usimtishe mtoto kwa daktari wa meno kila akikosa adabu, halafu siku ya siku ukashangaa anapiga kelele mlangoni. Mwambie anakwenda kuhesabiwa meno, nawe hesabu naye nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, mpaka mfike jino la sita. Andikeni kwenye karatasi meno yapi yameshang'oka na lini. Mpeleke asubuhi akiwa amekula na amepiga mswaki, na karatasi hiyo uende nayo pamoja na kadi yake ya kliniki.